Sahani za Mama Kinyua

Mwaka ule wa 2006 Rispah alikuwa na kazi ya mkataba katika ofisi ya takwimu mjini Bungoma, na kazi yenyewe ilikuwa kuzunguka viwandani akiuliza mambo mawili: mwaka huu mmetengeneza kiasi gani, na mmeajiri watu wangapi. Ukisikia redioni kwamba viwanda vya nchi vimekua kwa asilimia kadha wa kadha, ujue kuna Rispah mahali fulani aliyekanyaga matope ili asilimia hiyo ipatikane.

Jumatatu moja mkubwa wake, Bwana Kibiwott, alimwita na kumwonyesha fomu ya kiwanda kimoja cha unga huko Kitale. Unga uliosagwa ulikuwa umekaribia kuongezeka maradufu. Wafanyakazi, ambao mwaka uliotangulia walikuwa arubaini na watatu, sasa walikuwa kumi na sita.

"Madam Rispah, hii unga ni nani anasaga? Malaika?" Kibiwott aliuliza bila kupandisha sauti. "Kama umepika hii hesabu, mkataba wako unaisha Ijumaa na hakuna mwingine. Kama hujapika, rudi Kitale uniletee ile ya ukweli."

Rispah aliichukua fomu. Hakuwa amepika kitu, lakini watu wenyewe pia hakuwa amewahesabu, na hilo hakuthubutu kulisema. Mkataba huo ndio uliokuwa ukimlisha mama yake na wanawe wawili kule Misikhu.

Mwenye kiwanda alikuwa mwanamke aitwaye Wangu, ila hakuna aliyemwita hivyo; kila mtu alimjua kama Mama Kinyua. Alikuwa amehamia wilaya hiyo ya Trans-Nzoia na mumewe zamani, akaja na miiko ya kwao. Kwao mtu hahesabiwi, mtoto hahesabiwi, hata mbuzi hahesabiwi. Ukinyoosha kidole ukaanza moja, mbili, tatu, unajiitia msiba. Kitabu chake cha mishahara kiliwataja wale wachache wa kudumu tu, na wengine wote walikuwa vibarua. Festus, aliyeifanya kazi hiyo kabla ya Rispah, alimwachia ujanja wake: usimuulize mama wa watu, ngoja wale chakula cha mchana, halafu uhesabu sahani zikishaoshwa na kuanikwa. Rispah alifuata vivyo hivyo, akazihesabu kupitia dirisha la ofisi huku akila chakula chake cha mgeni.

Jumatano alikuwa Kitale. Njia nzima alikuwa akitunga uongo, na hakuna hata mmoja uliosimama. Mficha uchi hazai, akaona heri aseme. Akamweleza Mama Kinyua kila kitu, sahani na dirisha na Ijumaa inayokuja.

Mama Kinyua alimsikiliza amekunja uso, kisha akamuuliza alikuja siku gani ile mara ya kwanza. Rispah akasema Alhamisi. Hapo uso ukakunjuka. Mama akaangua kicheko, akamwita Jepkosgei, mpishi wake, aje amwambie mgeni Alhamisi huliwa nini.

"Alhamisi ni ugali," Jepkosgei alisema, asijue kinachochekwa.

Siku za githeri, mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja, kila mtu hupakuliwa sahani yake. Siku za ugali, kwa vile wengi pale walitoka Bungoma na mlimani Elgon, hakuna aliyetaka kula peke yake kama mgonjwa. Walizunguka sahani moja watatu, wanne, wakamega pamoja. Festus alikuwa amekuja siku ya githeri. Na Rispah, aliyelelewa Misikhu akigombania ugali na ndugu zake kwenye sahani moja tangu apate meno, hakuliwaza hilo hata kidogo. Nyani haoni kundule. Alicheka naye, lakini kicheko kilikatika haraka, maana bado hakuwa na hesabu.

Akaomba aruhusiwe kupita kati ya mashine ahesabu kwa macho tu. Mama Kinyua akakataa, kwa upole lakini akakataa. Rispah akatazama nje, ambako mahindi yalikuwa yakimiminwa.

"Na mahindi, mama, yanahesabiwa?"

"Mahindi si ndiyo kazi yangu."

Basi wakakubaliana. Saa ya chakula kila mfanyakazi angepita mezani na kuweka punje moja, na Rispah angehesabu punje, si mtu. Walipita wakitaniana. Jamaa mmoja wa kubeba magunia aliweka mbili, akidai anafanya kazi ya watu wawili, akaamriwa aondoe moja. Wa mwisho alikuwa Jepkosgei, amesimama na punje yake kiganjani.

"Na mimi? Ile siku ingine sikuhesabiwa. Nilikuwa naosha hizo sahani."

"Si unalipwa hapa?" Rispah akamwambia. "Weka, mama."

Zilikuwa hamsini na nane. Rispah alizihesabu tena, kisha akampigia Kibiwott simu na kumsimulia yote bila kuficha.

"Ati sahani?" Kibiwott akasema, na Rispah akamsikia akicheka kwa mbali na simu, maana naye ni mtu wa mlimani. "Sawa. Hiyo inaingiana na unga. Kuja Ijumaa usaini mkataba mpya."

Rispah aliketi juu ya gunia la mahindi akafuta macho, akacheka, akafuta tena. Watu hawakuwa wamefutwa, unga ulikuwa na wasagaji wake, na yeye alikuwa na kazi.

Alipotulia alizikusanya zile punje azirudishe ndani ya gunia. Mama Kinyua akamshika mkono.

"Hizo haziendi kwa mashini," alisema.

Alikunjua leso yake, wakaanza kuzitia humo kwa viganja. Moja ikaponyoka, ikaviringika chini ya meza. Mwenye kiwanda na mhesabu wa serikali wakapiga magoti sakafuni penye vumbi la unga, wakaitafuta kwa vidole, na hawakuinuka mpaka walipoipata.