Tunda la Yago la Ogola

Mume wangu Ogola aliondoka Kibera Jumanne moja kwenda kwao Uyoma, kando ya Ziwa Victoria, kununua omena, dagaa wa ziwani, za kibanda chetu cha Kisumu Ndogo, hapo hapo Kibera. Jioni hiyo mtumbwi aliopanda ulizama ziwani. Wenzake wawili walipatikana. Yeye hakupatikana.

Kwa miezi saba sikufunga mlango kwa komeo. Ogola alizoea kugonga bati la mlango mara mbili kisha kusukuma, hangoji kufunguliwa. Wiki moja kabla ya siku ninayoisimulia, mtu aliingia bila kugonga akabeba mtungi wa gesi, na binti yetu Audrey amelala hatua mbili kutoka hapo. Bado sikuweka komeo.

Kwetu Wajaluo, mtu akimezwa na maji na mwili usionekane, huzikwa tunda la yago, yaani mwegea, refu kama mkono, badala yake. Shemeji yangu Jeremy, nduguye Ogola, alikuwa ameshalichuma kule Uyoma, lakini hakutaka kuzika bila neno langu. Jumamosi hiyo alinipigia nikiwa Kawangware, kwenye darasa la Kiingereza la kanisani, akaniita binti wa Gem, kwa Kijaluo.

"Nyar Gem, wazee wamekaa. Shimo tayari. Tunda linaanza kuoza. Tupe neno kabla ya saa sita."

Ilikuwa saa tano na nusu. Nilirudi darasani nikaketi, simu mkononi. Mwalimu Waruguru alitaka kila mmoja aeleze kwa Kiingereza jambo ambalo mtu wake alizoea kufanya zamani.

Mbithi, fundi viatu, alisema babake alikuwa akificha sukari chini ya godoro.

"Na siku hizi?" mwalimu akauliza.

"Siku hizi ana kisukari, madam. Anaficha dawa."

Darasa likacheka. Simu ikatetemeka kiganjani. Sikuipokea.

"Filister, zamu yako."

Nikasimama. Nikasema mume wangu alizoea kugonga bati mara mbili, kisha kuingia.

"Vizuri sana. Na siku hizi?"

Mbithi akanong'ona, "Labda siku hizi ana ufunguo, mathe." Hakuna aliyecheka.

Akilini nilimwona Audrey na blanketi lake, na mahali mtungi ulipokuwa.

"Siku hizi hakuna anayegonga," nikasema.

Nikatoka nje nikampigia Jeremy. Zilikuwa zimebaki dakika nne kufika saa sita.

"Zikeni," nikamwambia. Nikasikia akiwaita wazee.

Sasa naweka komeo saa mbili usiku. Audrey hulijaribu kwa mkono kabla ya kulala.