Mzee Adelard na Dau la Kumi

Katika watu wote wa Chamazi waliowahi kudhalilishwa kabla ya saa moja asubuhi, hakuna aliyedhalilishwa kwa heshima kubwa kama Mzee Adelard. Alidhalilishwa baada ya sala, nyumbani kwake, na watu waliokalia viti vyake huku wameshika vikombe vya chai yake.

Ilikuwa Jumamosi, zamu ya nyumba yake kupokea jumuiya. Waumini kumi na saba wa mtaa walijaa barazani tangu saa kumi na mbili na nusu, wakasali, wakaimba, wakasoma Injili, na sasa walikuwa wamefika kwenye matangazo. Mzee Adelard, karani mstaafu wa ghala la kahawa na mweka hazina wa jumuiya kwa mwaka wa tisa, alikuwa amefunga vifungo vyote vya shati mpaka kooni. Hakuwahi kupokea sadaka ya mtu akiwa na kifungo wazi. Ndipo katibu, Kornelio, aliposimama na kukohoa kikohozi cha mtu asiye na mafua.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina."

"Ndugu zangu, nina jambo zito. Mie limeninyima usingizi tangu Alhamisi." Kornelio alikuwa mchonga vinyago, na alipozungumza alikuwa na tabia ya kukigeuzageuza kidole gumba kana kwamba anakikagua kama kina nyufa. "Alhamisi nilipita hapa kuchukua daftari la michango. Mzee alikuwa anaoga. Mama Gladness akanipa kaunta buku. Kufika nyumbani, nafungua, si la michango."

Mzee Adelard aligeuka kuutazama mlango wa jikoni. Nyumba ile ilikuwa na kaunta buku mbili, zote amezivalisha karatasi za kaki kwa mkono wake, kwa kuwa hakuamini kitabu kisicho na jalada. La kwanza lilikuwa la jumuiya. La pili halikuwa la mtu mwingine yeyote duniani.

Kornelio akatoa karatasi mfukoni. Alikuwa amenakili kabla ya kulirudisha daftari jioni ile ile, tena kwa wino mwekundu.

"Nasoma. 'Jumatatu. Mtaji elfu ishirini na moja, mia sita na tisini. Nimetenga mia tano. Dau kumi. Nimepoteza zote. Nimezima, sijarudia.' Nasoma tena. 'Jumanne. Nimepokea zawadi ya asubuhi, mia mbili. Nimetenga mia tano. Nimefika mia saba na hamsini. Nimezima ingawa mkono ulikuwa unawasha.'" Akakunja karatasi taratibu, kama mtu anayekunja bendera. "Ndugu zangu, daftari zima liko hivyo. Miezi minane. Na hiyo zawadi ya kila asubuhi, anapewa na nani?"

"Yesu na Maria!" akasema mtu wa nyuma.

Mwenyekiti, Mama Adelina, aliyekuwa akiuza vitenge Buguruni na kwa hiyo hakuwa mtu wa kushtushwa na namba, akaweka kikombe chini. "Mzee Adelard, baba yangu. Hii ni kamari?"

Miaka tisa! Miaka tisa ya kuhesabu noti zilizokunjwa mara nane, sarafu zenye harufu ya samaki, ahadi za watu wanaosema "nitaleta Jumamosi" bila kutaja ya mwaka gani. Kwa miaka tisa hajakosea hata shilingi hamsini. Mzee Adelard alisimama.

"Ni mchezo," alisema. "Binti yangu Gladness alinitumia tableti, na ndani yake mna mchezo wa karata. Unacheza wewe na mashine tu. Inakupa karata tano, unashika unazozitaka, unatupa nyingine, inakupa badala yake. Zikipangika vizuri inakuongezea sarafu. Zisipopangika inazila. Na sarafu zenyewe si hela! Haziwezi kununua hata pipi ya kifua. Hiyo zawadi inatoka humo humo kwenye mchezo."

"Sasa mzee wangu," alisema Kornelio kwa upole wa kuudhi, "kama si hela, ni nani mwenye akili timamu anaandika hasara ya kitu ambacho si hela?"

Baraza zima likaguna. Lilikuwa swali zuri, na ndiyo maana Mzee Adelard alilichukia.

"Mimi naandika! Kitu kikiwa na namba kinaandikwa. Mnafikiri uaminifu ni koti, unalivaa ukiona hela unalivua ukiona mchezo?"

"Hakuna aliyesema uaminifu, baba," alisema Mama Adelina. "Tufanye hivi, yaishe. Tuna laki nne na themanini ya viti na turubai. Ilete hapa, tuihesabu, tunywe chai."

"Sileti."

"Kwa nini?"

"Katiba yetu, kifungu cha sita. Taarifa ya fedha inasomwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Leo ni Jumamosi ya pili."

Mlangoni, mkewe Filomena alikuwa amesimama na birika. "Baba Gladness, si uwaonyeshe tu? Hela ipo hapo chumbani, mie mwenyewe nimei..."

"Mama Gladness, wewe ndiye uliyetoa kitabu."

Filomena akarudi jikoni na birika lake.

"Mkitaka kunihukumu, nihukumuni," aliendelea Mzee Adelard, na sauti yake sasa ilikuwa inafika kwa majirani ambao hata si wa dhehebu lile. "Lakini sitavunja katiba ili kumfurahisha mtu anayesoma vitabu vya watu kwa wino mwekundu. Jumamosi ya mwisho nitasoma taarifa, nitakabidhi hela mpaka ya mwisho, na mtafute mweka hazina mwingine. Basi!"

Watu wakainamisha vichwa. Hakuna aliyesema "usifanye hivyo, mzee." Hilo ndilo lililomchoma kuliko vyote. Akitangaza kuondoka hivi, kabla hela haijahesabiwa, mtaa mzima utasema anaondoka kwa kuwa ameila. Naye Kornelio alikuwa tayari ameanza kunyoosha kola yake, kama bwana harusi anayesikia gari linakuja.

Aliyesema kwanza ni Rogers, dereva wa bajaji, kijana wa miaka thelathini anayekuja jumuiyani pale tu inapokuwa kwenye nyumba yenye chapati. "Shikamoo tena mzee. Mie naomba hiyo tableti tuione. Kama ni kamari ya hela nitaijua saa hiyo hiyo. Nilikuwaga nabeti, nimeliwa mpaka tairi la akiba."

Mzee Adelard aliingia ndani, akatoka na tableti, akaiweka mezani kwenye kitambaa cha kufuma. Rogers akaikagua juu na chini, akabonyeza hapa na pale, akatikisa kichwa.

"Hamna sehemu ya kuweka hela, hamna sehemu ya kutoa hela. Ni gemu tu, jamani. Gemu la watoto."

"Si la watoto," alisema Mzee Adelard.

Watu walikuwa wamekwisha kusogeza viti. Kwenye kioo, juu, namba ilisomeka vizuri: 21,340. Na kwa kuwa walikuwa wanatazama, na kwa kuwa alikuwa amekasirika, na kwa kuwa kwa miezi minane hakuwa amepata hata mtu mmoja wa kumweleza, Mzee Adelard akaanza kufundisha. Alieleza kwa uzito wa mtu anayesoma waraka wa askofu.

"Huu wote ni mtaji. Mtaji hauchezewi, unatengewa. Kila siku natenga mia tano, nyingine sizioni. Dau langu ni kumi, kwa hiyo nina mikono hamsini ya uhakika, yaani kugawiwa karata mara hamsini, hata bahati ikilala. Mia tano zikiisha, nazima. Zikifika mia saba na hamsini, nazima pia. Kupanda ni hatari kuliko kushuka, maana ukipanda unajiona una akili."

"Na hivi vitufe vya pembeni?" aliuliza Mama Adelina. "Mia, mia tano, elfu?"

"Ni dau kubwa. Sijawahi kuligusa."

"Hata siku moja?"

"Hata siku moja."

"Na ukishinda kwa elfu unapata zaidi?"

"Unapata mara mia ya kumi, na unakosa mara mia ya kumi."

Katika nusu hizo mbili za jibu, Mama Adelina alisikia moja tu. "Hebu nijaribu mkono mmoja," alisema, na kabla Mzee Adelard hajafungua mdomo kidole kilichozoea kupima vitenge kilikuwa kimeshatua kwenye elfu.

Karata tano zikajipanga: Jeki wa kopa, tisa ya kopa, sita ya kopa, Jeki wa shupaza, mbili ya uru.

"Mungu ni mwema!" alisema Mzee Adelard licha ya hasira zake. "Majeki wawili wanakurudishia dau lako. Washike hao wawili, tupa nyingine."

"Lakini hizi kopa tatu zinapendeza pamoja."

"Mama Mwenyekiti, shika Majeki!"

"Huyu wa shupaza ana sura ya kinyongo," alisema Mama Adelina, akamtupa. Zikaja nne ya pau na kumi ya uru. Namba ya juu ikashuka, 20,340.

Mzee Adelard alishika ukingo wa meza. Sarafu elfu moja. Kwake yeye zile zilikuwa siku mbili nzima za mchezo, na zilikuwa zimekwenda kwa muda wa mtu kupiga chafya.

"Imetuonea," alisema Mama Adelina. "Tuirudishe."

"Hairudishwi! Ndiyo maana inaitwa..."

"Ongeza mama, itarudi!" mtu akapiga kelele, na Mzee Adelard alipogeuka kuona ni mpumbavu gani aliyesema hivyo, alimkuta Kornelio, katibu, mlinzi wa maadili, amepanda juu ya kiti cha plastiki ili aone vizuri. "Ikishakula mara moja lazima iteme! Hizi mashine ziko hivyo!"

"Nani kakwambia?"

"Inajulikana tu, mzee wangu. Weka elfu!"

Wakaweka elfu. Wakashinda, elfu mbili zikaingia, na hapo ndipo mambo yalipoharibika kabisa, maana baraza zima lilipiga vigelegele na mtu akaanzisha pambio. Kila mmoja sasa alitaka mkono wake. Foleni ikajipanga kwa utaratibu ambao haujawahi kuonekana siku ya michango. Mmoja alishika mfalme peke yake kwa sababu za kiimani. Mwingine alitupa karata zote tano, akapewa tano mbaya zaidi, akasema angalau amebadilisha. Rogers, aliyekwisha kuliwa tairi, alisimama nyuma yao akisema "acheni jamani, mie naijua hii," lakini zamu yake ilipofika naye aliweka elfu.

Elfu kumi na tano. Elfu tisa. Kumi na moja, kwa vigelegele. Sita. Mbili. Mzee Adelard alikuwa amesimama kama mtu anayetazama nyumba yake ikiungua huku wazima moto wakiuota huo moto.

Zilipobaki mia tatu na arobaini, kitufe cha elfu kikagoma. "Weka mia!" alisema Kornelio, na hakungoja kuwekewa, aliweka mwenyewe. Mia tatu zikaliwa kwa mikono mitatu. Arobaini zikaliwa kwa minne, kumi kumi, kwa dau lile lile la Mzee Adelard, kama kejeli. Kisha kioo kikaandika kwa herufi za kuchezacheza kwamba sarafu zimekwisha.

Dakika ishirini na mbili. Miezi minane.

Watu walianza kurudisha viti walikovitoa, kila mmoja akijitahidi asigongane macho na mwenye nyumba. Mama Adelina alijifuta uso kwa ncha ya khanga.

"Baba," alisema, "tumekosa. Tumeona kwa macho yetu kwamba ni mchezo tu. Tunakuomba radhi. Na kwa kuwa umeshasema unaachia, hatutakulazimisha, umetumika vya kutosha. Jumamosi ya mwisho utamkabidhi Kornelio..."

"Nani?"

"Kornelio. Katibu."

Mzee Adelard alimtazama Kornelio, ambaye alikuwa ndiyo kwanza anashuka kwenye kiti.

"Huyu?" alisema polepole. "Huyu wa 'ongeza, itarudi'?"

"Mzee wangu, pale ilikuwa ni msisimko tu. Zile si hela."

"Ndiyo! Si hela! Nimewaeleza tangu asubuhi kwamba si hela, na mmeniita mwizi. Hilo nawasamehe. Mtu akiona namba kwenye kitabu cha mwenzake, kushuku ni ubinadamu. Lakini nimewaambia hiki ni mtaji, hiki ni cha leo, hapa unasimama, na hakuna hata mmoja, hata mmoja kati yenu watu kumi na saba mliobatizwa, aliyesimama! Mmemtupa Jeki! Mnataka niwape laki nne na themanini ya viti? Mtaleta viti viwili na hadithi!"

"Lakini ulisema unajiuzulu," alisema Kornelio.

"Nimeghairi."

"Mzee, neno la mtu mzima..."

"Kifungu cha nne. Kujiuzulu ni kwa maandishi. Mimi nilisema kwa mdomo, tena kwa hasira, na hasira zile zimekwisha. Hizi ni nyingine."

Rogers aliangua kicheko, akajizuia, akanyoosha mkono juu. "Mie naunga mkono mzee aendelee." Mama Adelina akanyoosha wa pili, haraka, kama mtu anayelipa faini. Mikono ikainuka mmoja mmoja barazani mpaka ikawa kumi na sita. Kornelio alikitazama kidole gumba chake kwa muda mrefu, kisha akakiinua nacho, na mkono ukafuata. Mtu akaanza kupiga makofi.

"Msipige makofi," alisema Mzee Adelard. "Hamjanichagua. Nimewanyima tu hizo hela. Mengine yote tutaonana Jumamosi ya mwisho, saa kumi na mbili na nusu, na taarifa mtaisikia mpaka shilingi ya mwisho, mtake msitake."

Akaanza kukusanya vikombe, kikiwemo cha Kornelio, ambacho kilikuwa bado na chai nusu.