Mbio Zisizo na Msiba

"Basi semeni wenyewe, nani amekufa?" Mama Tadea alirudia, jembe begani, amesimama katikati ya barabara ya Mapera kama kizuizi cha polisi. Nyuma yake wanawake wenzake walikuwa wanahema. Mmoja alishajifunga kanga kiunoni, tayari kwa kilio.

"Hajafa mtu, mama. Tunafanya mazoezi," alisema Asnath, mshauri wa afya wa chuo cha hapo, aliyekuwa akiwakimbiza walimu watano.

"Mazoezi! Watu wazima mnatimua mbio asubuhi hii, mnatupita shambani bila hata salamu, halafu hajafa mtu? Tumewakimbilia mpaka huku!"

Asnath alikuwa amehamia kutoka Dodoma mwezi uliopita. Kwao mtu hukimbia akijisikia. Hakujua kwamba huku milimani mtu mzima akikimbia, watu huanza kuulizana matanga yako wapi.

Akamgeukia Sixbert, mwalimu wa hesabu, mzaliwa wa hapo hapo. "Mwalimu, mbona hukuniambia?"

"Kwa pumzi ipi, madamu?"

Wanawake waliangua kicheko. Sixbert hakucheka. Alikuwa ameinama, mikono magotini, tisheti imelowa chapachapa. "Kesho msinitegemee. Siwezi kuaibika mbele ya mama zangu."

Hapo Asnath akaingiwa na hofu. Presha ya Sixbert ilikuwa juu, na daktari alishamwonya kwamba asipoushughulisha mwili, moyo utamtupa mkono. Ilichukua wiki nzima kumtoa kitini. Akirudi kukaa leo, hatainuka tena, na walimu wengine wanne waliokuwa wamejibanza nyuma yake watamfuata.

"Huko shambani mlikuwa mnafanya nini?" aliwauliza wanawake.

"Tunamlimia Kunigunda ngolo," alijibu Mama Tadea, akionyesha mteremko uliochimbwa mashimo juu chini, ya kuzuia mvua isibebe udongo. "Amejifungua juzi, mume yuko safarini. Sisi tunachimba, lakini upande wa pili nyasi bado zimesimama. Kufyeka ni kazi ya wanaume, na wanaume wenyewe ndio hawa, wanakimbiza upepo!"

"Mama, nyasi za pale ni ndefu?" Sixbert aliuliza, akinyoosha mgongo kidogo.

"Zinakufika kwenye hilo tumbo."

Asnath hakungoja zaidi. Alipiga goti. "Shikamoo, mama. Tusamehe kwa kuwapita. Mbio zimekwisha leo. Mazoezi yetu ni pale mteremkoni. Naomba jembe."

"Marahaba, mwanangu. Sasa ndiyo umeongea."

Wakapanda wote. Sixbert alipokea fyekeo la mume wa Kunigunda, akatema mate viganjani, akaanza kufyeka kwa nguvu, nyasi zikilala mbele yake. Walimu wenzake wakaja nyuma wakizikusanya. Asnath alikuwa ameshaingia shimo la kwanza, udongo umejaa kwenye raba zake mpya, wakati Mama Tadea alipopaza sauti:

"Polepole, mwalimu! Usije ukatuletea msiba wa kweli!"