Mjukuu Wangu Kwenye Lango la Haraka

Binti yangu Denise alilipia hoteli ya bustani ya michezo kwa sababu moja: wageni wa hoteli hupewa bangili ya kupita lango la haraka. "Mama, magoti yako hayawezi foleni," aliniambia.

Asubuhi nilimtegea mjukuu wangu Hattie kitendawili tukila chapati za maji. "Kina kichwa na mkia, hakina damu. Kila ukikata kichwa, mkia unarefuka."

"Nyoka!"

"Nyoka ana damu, mjukuu wangu. Fikiri."

Denise akabaki hotelini na mtoto wake mchanga, sisi wawili tukaenda kwenye treni ya mizimu, ile ya kutisha watu gizani. Hattie akagusisha bangili yake, taa ikawaka kijani, akapita mbio. Mimi nikanyoosha mkono mtupu. Bangili ilikuwa imenibana, nikaivua kwenye bwawa la kuogelea la hoteli. Nikaisahau hukohuko.

"Bibi, bila bangili ni foleni ile," akasema kijana wa langoni.

"Mjukuu wangu ameingia!"

"Yule wa fulana ya njano? Si yuko na wenzake?"

Mbele kulikuwa na ukoo mzima wenye fulana za njano, maana siku hizi kila familia ikija huku huvaa sare. Yetu pia ilikuwa njano. Yangu nilikuwa nimeifunika kwa sweta.

"Hao si wetu!"

"Mama, ingia au toka, sisi tumelipa!" akafoka bwana mmoja nyuma yangu.

Kijana akapiga simu, uso ukambadilika. "Treni imeshaondoka. Kamsubiri mlango wa kutokea, kule dukani."

Hattie halali bila taa, na mle ndani ni giza tupu. Nilikimbia kwa magoti haya haya. Duka lilijaa fulana za njano. Nikakamata bega moja, likageuka: mtoto wa kiume, simjui. Je, kama amewafuata wale watu hadi kwenye gari lao? Nikaita, "Hattie! Hattie!" Muziki ukameza sauti yangu, na kila mtu humo alikuwa anaita mtoto wake.

Sijui nini kilinijia. Nikapaza sauti: "Kina kichwa na mkia, hakina damu!"

Watu wakanitazama kama mwendawazimu.

"Kila ukikata kichwa, mkia unarefuka!"

Halafu, chini ya rafu ya midoli, kisauti kikatetemeka: "Foleni?"

Akatoka akitambaa, uso umelowa machozi. Nilimkumbatia mpaka akalalamika.

"Nilijua jibu gizani, Bibi. Wale watu hawakuwa wetu, nikajiambia wewe utakuwa kule mkiani mwa foleni."

Mchana Denise alileta bangili yangu kutoka bwawani. Hattie akaitazama, akanivuta kwenye foleni ndefu ya kawaida. "Huku tunaingia pamoja."

Tukasimama juani. Sikumwachia mkono hata alipotaka kujikuna pua.