Waziri Alitushukuru kwa Nini?

Waziri alipomaliza kuongea redioni mchana ule, nilibaki nimeshika kikombe kama mjinga. Vita vimekwisha, sawa. Lakini nyumba yetu hii ya Karelia, jirani na Warusi, bado ni yetu au si yetu? Mume wangu yuko vitani, ng'ombe ana mimba, nami nataka kujua kitu kimoja tu: nifungashe au nisifungashe? Mtu mzima anaongea vile, halafu huambulii kitu!

Baba mkwe wangu, mzee Tahvo, hakuwa na shaka hata kidogo. Tumeshinda, alisema.

"Baba, mbona sauti yake ilikuwa nzito vile?"

"Amechoka, mwanangu. Aliyeshindwa hashukuru watu. Huyu kashukuru taifa zima."

Hapo ndipo aliponivuruga kabisa, maana kwetu Finland shukrani husemwa chakula kikiisha, mtu akiinuka mezani aende zake. Nikamwambia hivyo. Akanicheka, eti sisi wanawake tunasikiliza redio kwa tumbo. Nilikasirika, ila moyoni nilitamani awe amepatia.

Akavaa skii zake, zile mbao za kutelezea thelujini, akapita nyumba kwa nyumba akitangaza ushindi, akiwahimiza wawashe sauna, vibanda vyetu vya kuogea mvuke, kwa kuwa vijana wanarudi. Majira yote ya baridi tulikuwa hatuthubutu kuwasha moto mchana kwa kuogopa ndege za Warusi. Siku hiyo moshi ulipanda kila ua, katikati ya wiki, ilhali sauna kwetu ni ya Jumamosi, na hakuna aliyefunga hata kifurushi. Nami nikabeba maji ya sauna. Ningefanyaje?

Jioni akaja askari, hoi kabisa. Aliutazama ule moshi, akauliza tunasherehekea nini. Mpaka umesogezwa, alisema, kijiji hiki si chetu tena. Kesho mchana asibaki mtu.

Tahvo akakaa kwenye ngazi. "Sasa waziri alikuwa anataka nini kwetu?"

"Tuondoke bila vurugu, mzee. Nadhani. Hata sisi jeshini tunabishana."

Nilimshika mzee mkono tukaenda kwa jirani yetu Hilppa, mama mwenye watoto wadogo na mume vitani. Alitufungulia akitabasamu, nywele bado mbichi, ameshachemsha kahawa yake ya mwisho.

"Karibu, Tahvo. Nilijua utarudi tunywe pamoja."

Mzee akavua kofia, akanigeukia. Ikabidi niseme mimi.