Kuku Aliyeacha Mayai Sigino

Vailet alimkamata kuku mwekundu uani, karibu na beseni la maji, ukungu ukiwa bado umelala juu ya mashamba ya Sigino, na moyoni akajisifu. Ilikuwa mara yake ya kwanza kukamata kuku bila kukimbizana naye hadi kwa jirani. Alimfunga miguu, akamtia kikapuni pamoja na jogoo wa madoadoa, akapanda bajaji kwenda gulioni Babati.

Hakuwa amewahi kuaminiwa kazi hiyo. Alilelewa Arusha katika nyumba ya kupanga, mahali ambapo kuku huingia jikoni akiwa amekwisha kunyonyolewa. Mumewe, Emanuel, alikuwa Katesh kwenye kazi ya ujenzi, na Vailet alikuwa akiishi Sigino na mama mkwe wake, ambaye watu wote walimwita Mama Emanuel. Jioni iliyotangulia, mama huyo alimwambia, "Kesho mimi nitawahi palizi. Wewe chukua jogoo na yule kuku mwekundu anayezurura, ukauze, utuletee mafuta na sabuni."

Vailet alijua kwamba ghalani kulikuwa na kuku mwingine anayeatamia. Rangi yake hakuijua, kwa sababu ghala halikuwa na dirisha na mama mkwe alikataza mtu kumsumbua. Jambo ambalo hakulijua kabisa ni kwamba kuku anayeatamia hutoka nje mara moja kwa siku, akanywa maji, akadonoa mawili matatu, kisha akarudi mbio kwenye mayai yake.

Na mayai yale hayakuwa ya kuchezewa. Siku Vailet alipomnong'oneza mama mkwe kwamba ni mjamzito, mama yule hakushangilia. Aliingia ghalani, akatandika majani makavu ndani ya ungo mkuukuu, akapanga mayai mazuri kuliko yote aliyokuwa nayo. Alipotoka, alisema, "Vifaranga hivi ni vya mjukuu wangu. Mtoto asije duniani akakuta hana hata kuku." Tangu siku hiyo hakumtuma Vailet maji, wala hakumkaripia kwa ugali uliopikwa ukawa na madonge. Ukali Vailet angeuzoea. Wema ule ndio uliomfanya aogope kukosea.

Gulioni alipata nafasi kwenye ncha ya turubai la Mama Benedict, muuza maharage wa Mutuka, mwanamke mwenye kicheko kipana na macho yasiyopitwa na kitu. Upande wa pili alikuwepo Rogath, muuza mitumba, amesimama juu ya meza katikati ya lundo la sweta, kipaza sauti mdomoni.

"Sweta hizi hapa! Baridi ya Mbulu haina huruma! Chagua mwenyewe, ukikosa saizi, nenepa!"

Kuku hakukaa sana. Alikuja mama mmoja aliyejitanda kanga, akampima kwa mkono, akalipa karibu bila kubishana bei. "Nina mzazi nyumbani," alisema kwa furaha ya kuchoka. "Binti yangu Anjela amejifungua, na maziwa hayatoki vizuri. Anataka supu." Akamkumbatia kuku wake, akapotea katikati ya watu.

Mama Benedict alimaliza kumpimia mteja maharage, kisha akamgeukia Vailet.

"Mayai yaliwaharibikia, mwanangu?"

"Mayai gani, mama?"

"Ya yule kuku. Nilimwona alivyotutumua manyoya na kukoroma kama mtu aliyenyimwa urithi. Tena tumboni amenyonyoka. Yule alikuwa analalia. Nikasema labda mayai yameoza, ndiyo maana mmeamua kumuuza."

Vailet alikumbuka asubuhi ile. Aliliona beseni la maji. Alimwona kuku alivyokunywa kwa pupa, kama mtu aliyeacha chungu motoni. Mtu mwingine angejua.

"Mama Benedict," alisema, "yale mayai ni ya mtoto wangu."

Mama Benedict alikwisha kulitazama tumbo lake, akaelewa. Wakati huohuo simu ikaanza kulia ndani ya pochi. Vailet aliitoa, akasoma jina: Mama Emanuel. Bila shaka amerudi kutoka shambani, ameingia ghalani, ameukuta ungo hauna mama. Simu ililia hadi ikachoka. Hakuipokea. Angesema nini?

"Rogath!" Mama Benedict alipaza sauti. "Acha sweta zako, kuna jambo!"

Rogath aliinama, akaelezwa. Alijikuna kidevu, akainuka tena na kuvuta pumzi kama mhubiri.

"Tangazo! Wanagulio, tulizaneni! Kuna mama amenunua kuku mwekundu hapa kwa dada mwenye kitenge cha kijani. Mama huyo aombwe asimchinje! Narudia, asimchinje! Kuku yule ameacha familia Sigino!"

Gulio likacheka. "Na mumewe amempa ruhusa ya kusafiri?" aliuliza mzee mmoja kutoka upande wa vitunguu.

"Mumewe huyu hapa!" Rogath alimwonyesha jogoo aliyekuwa kwapani mwa Vailet. "Mtazameni alivyonyong'onyea!"

Vailet alicheka na kulia kwa pamoja. Hata hivyo, utani ule ulitembea haraka kuliko miguu, ulipita kwenye nyanya na viatu, ukafika kwa wauza samaki wa ziwani, na kutoka huko likarudi jibu la sauti ya kike: "Mama wa kanga amekwenda kwa wanyonyoaji, nyuma ya mashine ya kusaga!"

"Nenda," alisema Mama Benedict. "Taratibu, usikimbie. Kikapu nitakitunza."

Vailet alikimbia, jogoo kwapani.

Nyuma ya mashine ya kusaga maji yalikuwa yakitokota katika sufuria kubwa, na manyoya yalikuwa yamelowa chini. Mama Anjela, yule wa kanga, alikuwa kwenye foleni, mbele yake mtu mmoja tu. Kuku mwekundu alikuwa bado mikononi mwake, amevimba, akikoroma kwa hasira ileile.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kulikoni, mwanangu? Mbona wahema hivyo?"

Vailet alimweleza yote: ghala lisilo na dirisha, ungo, mayai, maneno ya mama mkwe, tangazo la muuza sweta. Alimrudishia fedha yake mkononi, kisha akamnyooshea na jogoo juu yake.

Mama Anjela alimtazama kuku, akamtazama jogoo.

"Binti yangu ananisubiri," alisema. "Usiku kucha mtoto amelia, na mama yake amelia naye. Nilipotoka nilimwahidi kwamba leo atakunywa supu ya kuku laini. Huyu jogoo wako ni mzee, mwanangu. Ana mifupa kama ya baiskeli."

"Najua, mama." Vailet aliinamisha kichwa. Ni kweli alijua sasa kwamba alikuwa akiomba chakula cha mzazi mwingine. "Kama haiwezekani, sitakulaumu."

Zamu ilifika. Mchinjaji alinyoosha mkono kupokea kuku. Mama Anjela alisogea hatua moja, halafu akasimama. Kiganja chake kilikuwa chini ya tumbo la kuku, pale pasipokuwa na manyoya, na joto la ngozi ile likawa limempenya.

"Anachemka kama mtu mwenye homa," alisema polepole. "Kumbe ni joto la watoto." Akamrudishia Vailet kuku, akamchukua jogoo kwa miguu. "Fedha nakurudishia nusu, usikatae. Jogoo huyu nitamchemsha mpaka akubali. Na wewe ukijifungua, unitumie salamu kwa muuza sweta. Naona redio yake inasikika mbali."

Katika bajaji Vailet alimpakata kuku ndani ya kitenge, amemfunika kichwa ili atulie. Simu ililia tena. Tena hakuipokea. Alikuwa akiyaona mayai yamepoa gizani, na kila tuta la barabarani alilihesabia dhambi.

Ghalani ungo ulikuwa mtupu kabisa. Hata mayai hayakuwepo. Akadhani yamekwisha kutupwa. Ndipo aliposikia mtu akikohoa jikoni.

Mama Emanuel alikuwa ameketi karibu na mafiga, moto mdogo ukiwaka pembeni. Alikuwa amenyoosha miguu, amejifunika blanketi zito kuanzia kifuani, jasho likimtiririka usoni. Jembe lenye udongo mbichi lilikuwa limelala mlangoni, palepale alipoliangusha.

"Shikamoo, mama," alisema Vailet, akapiga magoti.

"Marahaba. Usinichekeshe, nitayavunja."

Alifunua ncha ya blanketi. Mayai yote yalikuwa mapajani mwake, yamezungushiwa kanga ya kanisani.

"Mama, nisamehe. Sikujua kuwa ndiye yeye."

"Ungejuaje? Mwenye makosa ni mimi, niliyesema mwekundu, nikasahau kwamba wako wawili. Kwa nini hupokei simu? Nilikupigia nikwambie mayai yana joto, usije ukakimbia na hali hiyo. Ulikimbia?"

Vailet alijifuta jasho la shingoni.

"Ulikimbia," alisema mama mkwe, akatikisa kichwa.

Waliyarudisha mayai katika ungo wakipokezana moja moja. Kuku alipofunguliwa miguu alisimama kwanza, akawatazama kwa jicho moja kama anayetaka kusuta. Kisha akapanda, akayageuza mayai kwa mdomo, akajikung'uta, akashuka juu yake taratibu mpaka hakuna hata moja lililoonekana. Mkoromo wake ukatulia.

Mama Emanuel alijaribu kuinuka, miguu ikakataa kwa ganzi. Alicheka, akamvuta Vailet mkono akae naye juu ya gunia.

"Yeye ameshakaa," alisema. "Sasa na wewe kaa."