Waridi la Chekalini

Tawi la Kakamega la Chama cha Wapenda Waridi lilikuwa limebakiwa na wanachama wawili tu, na hao wawili hawakuwa wamesemezana kwa miaka ishirini na sita.

Edah Namalwa ndiye aliyekuwa katibu. Enzi tawi liliposhamiri alikuwa mpiga chapa katika ofisi za mkoa, na kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi aliwakaribisha wenzake nyumbani kwake Amalemba. Walikuwa arobaini na kitu: walimu, makarani, wauguzi, na mwenyekiti wao Mzee Andati, aliyefunga tai hata siku ya kubeba samadi. Walikunywa chai ya maziwa, wakapeana vipandikizi vilivyofungwa kwa maganda ya mgomba, wakabishana kuhusu dawa ya vidukari mpaka mvua ya alasiri ilipowatawanya. Sasa Andati alikuwa amezikwa, wengine walikuwa wamehamia kwa watoto wao, na uani kwa Edah ilibaki miwaridi saba karibu na kamba ya kuanikia nguo.

Machi mwaka huu simu yake ililia. Alikuwa Natasha, karani wa chama kule Nairobi.

"Mama, chama kinatimiza miaka sitini. Tunaomba kila tawi lilete waridi moja la kwao, la zamani, ambalo halipatikani madukani. Kakamega mnalo?"

"Tunalo," Edah akajibu kabla hajafikiri. Kisha akaketi. Waridi alilolikumbuka halikuwa lake.

Lilikuwa la Jepkemboi wa Chekalini, yule mwanachama wa pili. Jepkemboi na mumewe walipata kipande cha shamba lililokuwa la mzungu, na ukutani mwa nyumba ya zamani ya mzungu huyo ulitambaa mwaridi wenye maua ya rangi ya malai na wekundu kidogo katikati. Harufu yake ilifika barabarani. Mwaka wa 1998 Jepkemboi alileta ua moja kwenye maonyesho ya mkoa, na waamuzi wakaduwaa. Ndipo mtu mmoja akasema ua zuri namna hiyo lazima limenunuliwa. Mwamuzi mkuu akauliza kama kuna aliyewahi kuliona shambani.

Edah alikuwa ameliona, tena mara nyingi. Alikuwa ameketi chini yake akitafuna mahindi ya kuchoma. Lakini waridi lake mwenyewe ndilo lililokuwa la pili. Akainamisha kichwa, akatazama viatu vyake. Ua la Jepkemboi likaondolewa mezani, na kikombe kikaenda Amalemba. Baada ya hapo, kwa aibu, Edah aliacha kumpelekea barua za mikutano.

Wiki moja baada ya simu ya Natasha, alikifunga kikombe kile ndani ya leso, akaenda Chekalini.

Alimkuta Jepkemboi barazani akipukuchua mahindi, uso ameuinua kidogo kama watu wasioona. Presha ya macho ilikuwa imemmaliza.

"Nani huyo?"

"Ni mimi, Mama Wendy," Edah akajitaja.

Mikono ikasimama ndani ya ungo. "Mama Wendy wa Amalemba?" Akausogeza ungo kando. Halafu akamwita mkaza mwanawe: "Chelimo, weka chai. Tuko na mgeni."

Maneno aliyoyapanga njia nzima yalimtoroka Edah. Akamwekea kikombe mapajani. "Hiki ni chako, Mama Kipyegon. Siku ile nilijua ukweli. Nilinyamaza kwa sababu nilikitaka."

Jepkemboi alikipapasa, kidole kikapita juu ya jina lililochongwa. "Najua. Wakati huo nilikuwa naona. Nilikuangalia, wewe ukaangalia viatu." Sauti yake ilikuwa tulivu. "Niliumia, sikudanganyi. Lakini kikombe nilikisahau mwaka uleule. Kile sikusahau ni Jumamosi. Nilikuwa navaanga nguo nzuri, nakaa hapa, nasema labda leo barua itakuja."

Edah akalia. Jepkemboi alimwacha alie mpaka atosheke, wala hakumbembeleza.

"Haya, basi," akasema mwishowe. "Ule mwaridi umeenda ovyo. Hawa watoto wanaogopa miiba. Umekuja na mkasi?"

Alikuwa nao, haukukosa kwenye mkoba wake hata siku moja. Wakafanya kazi hadi saa sita, Jepkemboi akitafuta kwa vidole jicho la tawi, pale linapochipukia, Edah akikata pale alipoonyeshwa. "Hapo. Kata juu ya jicho linaloangalia nje. Umesahau?" Mikono ya wote wawili ikatoka damu, na kwa mara ya kwanza wakacheka.

Mwezi wa Mei walienda Nairobi pamoja kwenye maonyesho ya chama, ua likiwa ndani ya chupa ya maji. Walipofika Nakuru nusu ya petali zilikuwa zimeanguka, na mezani lilisimama limepinda shingo kama mgonjwa. Halikupata zawadi yoyote. Hata hivyo watu walipanga foleni kulinusa, na bwana mmoja mzee alirudi mara tatu.

Jepkemboi alishikwa mkono na Edah, wakapita meza moja baada ya nyingine, yeye akinusa, Edah akimtajia rangi. Kwenye waridi kubwa jekundu lililoshinda, Jepkemboi alinusa, akanusa tena.

"Hili ni chai bila majani," akasema kwa sauti ya kusikika.

Mwenye waridi ndiye aliyecheka zaidi ya wote, akawaandikia nambari yake ya simu na kuomba kipandikizi.

Mchana walikaa nje kwenye nyasi na sahani zao. Jepkemboi akauliza mbele yao kulikuwa na nini. Edah akaweka sahani chini, akaanza kumweleza: uzio uliofunikwa na mkarakara wa matunda ya pasheni, mwanamke mwenye kofia ya manjano, bustani ya miwaridi iliyoshuka hadi kwenye kijito. Alimweleza polepole, bila kuruka kitu. Kama basi la kurudi lingewaacha, wangepanda jingine.